Mipira ya Madirisha ya Kombi ya Mama Tekla

Mnaniamkia shikamoo vizuri, nami naitikia marahaba, halafu mkigeuza mgongo nawasikia: "Huyu bibi alikuwa anapaka rangi mipira ya magari." Mnacheka. Chekeni tu, wanangu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza nilipoambiwa kwamba kule Gerezani, mtaa wa magereji, kuna mtu mzima wa Songea mwenye mke na watoto anayeishi kwa kupaka mipira ya madirisha iwe myeusi. Nilidhani ni utani wa watu wa Songea.

Sasa nimestaafu, na nawaambia ukweli, nimepumzika. Vidole vyangu vimekakamaa, lakini havinuki tina ya kuyeyushia rangi tena. Nikikaa barazani nikaona gari la zamani linapita, jicho linakwenda lenyewe kwenye mipira, halafu najikumbusha: Zuhura, si kazi yako, hiyo ni ya vijana. Ndiyo maana nazungumza na nyie vijana wa gereji.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wenu mmezaliwa mkakuta vioo vya magari vimegandishwa kwa gundi. Magari ya zamani hayakuwa hivyo. Kioo kilikaa ndani ya mpira mnene. Mpira unakumbatia bati upande mmoja, unakumbatia kioo upande wa pili, na katikati una mfereji ambamo hupita utepe mwembamba wa kufungia. Utepe ukiwa ndani, kioo hakichezi hata upite mashimo ya namna gani. Ukiuvuta utepe, mpira unalegea kama mshipi wa mtu aliyeshiba.

Na jua la Dar halina huruma na mpira. Unaanza kupoteza weusi, unakuwa wa kijivu, halafu unapauka kabisa kama kisigino kisichojua mafuta. Gari linaweza kuwa limepigwa rangi mpya, limeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake, lakini mipira ikipauka linaonekana kama bibi harusi aliyevaa gauni zuri na midomo imekauka. Hapo ndipo tulipokuwa tunaitwa.

Mimi nilikuwa mpakaji wa piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mwilini. Mabibi harusi wa Kariakoo na Ilala wengi wamepita mikononi mwangu; miguu yao, viganja vyao, maua mpaka kwenye kifundo. Nyumba yetu ilikuwa ya chini, ya vyumba vya kupangisha, mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi, pale ambapo leo limesimama ghorofa la maduka ya vitenge. Chumba cha uani alipanga Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, mpole, mrefu, Mkristo aliyejua tarehe za mfungo kuliko kaka zangu. Alikuwa akipita uani jioni na kunikuta nimeinama juu ya mguu wa mtu na kijiti cha piko mkononi.

Siku moja akasimama akatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Binti Zuhura," akasema, "huo mkono hautetemeki?"

"Ukitetemeka nitapigwa na mama wa bibi harusi."

"Basi njoo gereji. Kule ukitetemeka utapigwa na mwenye gari."

Mama yangu alikataa katakata. Mwanamke, gereji, kati ya wanaume waliovua mashati! Mzee Ngonyani hakubishana naye. Alimwendea na samaki wa kukaanga kutoka soko la Feri, akakaa naye, akamwambia, "Mama, kuna mahema ya turubai, atakaa kivulini. Na mwanamume atakayemtania atapita kwangu kwanza." Mama akala samaki, akafikiri, akasema nijaribu mpaka mfungo wa Ramadhani uanze. Ramadhani ikaja ikaondoka, nami nikawa bado niko huko. Mafundi walinipa jina la Bi Piko, na nililipenda.

Sikilizeni namna alivyonifundisha, kwa sababu naona mnavyofanya sasa. Mnachukua kopo la rangi ya kupuliza, inayong'aa, mnapuliza juu ya vumbi, mnampa mwenye gari. Mwezi haupiti, rangi imebanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Halafu mnasema rangi ni feki.

Rangi si feki. Mpira mchafu haushiki kitu. Anza na maji ya sabuni na mswaki uliochakaa, sugua mpaka povu litoke jeupe badala ya jeusi. Kausha. Kisha pitisha msasa laini wa maji, taratibu, kama unamsugua mtoto mgongo. Baada ya hapo ndipo unachukua kitambaa chenye tina kidogo, kidogo sana, unafuta mara moja. Ukiloweka tina, mpira unavimba unakuwa kama andazi. Funika kioo kwa gazeti na tepu ya karatasi, usiache hata ukucha mmoja wa kioo wazi. Ndipo upake rangi ya mpira, ile inayokunjika, kwa kipande cha sponji, nyembamba, isubiri ikauke kivulini, halafu nyingine nyembamba. Kivulini! Ukipaka juani rangi inakauka juu na chini bado mbichi.

Na kabla ya yote hayo, kama mpira umekauka sana, vuta utepe nje na upake gliserini ndani ya mfereji, uuache unywe. Gliserini hii hii ya duka la dawa mnayopaka midomo. Hilo nililijua tangu kwa mama yangu. Mzee Ngonyani alikuwa akitumia mafuta ya nyonyo, lakini aliponiona na kichupa changu akanusa, akajaribu, na toka siku hiyo hakugusa nyonyo tena. Mwalimu mzuri ni yule anayekubali kufundishwa.

Alikuwa na usemi mmoja tu wa kazi, na aliurudia mpaka nikauota: "Mpira kazi yake ni kujikunja. Ukiupaka ukawa mgumu, umeuua."

Msidhani alizaliwa anajua. Alinisimulia mwenyewe, akicheka mpaka anashika mbavu, kwamba alipokuwa mgeni mjini alipewa gari jeupe la bosi mmoja wa ofisi za Posta. Rangi ya mpira hakuwa nayo. Akachukua dawa nyeusi ya viatu, akapaka madirisha yote, akang'arisha kwa brashi. Gari likapendeza ajabu! Bosi akampa mkono. Akaliegesha gari mbele ya ofisi, na mvua ya masika ikaanza. Aliposhuka mchana akakuta gari lake jeupe linalia machozi meusi, kila dirisha limetoa mfereji mpaka kwenye matairi, na watu wamesimama kituoni wanalitazama. Mzee Ngonyani aliitwa kulifuta mbele ya hadhara hiyo hiyo, chini ya mvua. "Nilijifunza kazi siku ile, binti," aliniambia. "Kabla ya hapo nilikuwa napaka viatu vya magari."

Alipozeeka alirudi kwao Songea. Siku ya kuondoka alinipa kijiti chake cha mpingo, bapa kama ulimi, laini, alichochongewa na rafiki yake Mmakonde. Ni cha kunyanyulia mdomo wa mpira bila kuukata na bila kukwaruza kioo. Bisibisi haifai, wanangu. Bisibisi inakata. Mkikosa mpingo, chukueni mpini wa mwiko mchonge wenyewe.

Sasa niwasimulie habari ya kombi, maana hiyo ndiyo mliyoniomba, na wengine mmeisikia imepindishwa. Kuna anayesema eti niliruka dirishani. Mimi? Na dera?

Mama Tekla alikuwa mfanyabiashara wa korosho pale Kariakoo, mtu wa Masasi, anakaa Mbagala. Mwanamke wa mwili, wa sauti, wa kicheko kinachotangulia kuingia kabla yake. Marehemu mumewe alimwachia kombi ya zamani, rangi ya maziwa, na alikuwa haiuzi kwa lolote. Binti yake mdogo alikuwa anakaribia kuolewa, sendofu ya kumuaga Jumamosi, na Mama Tekla alishaamua: binti atakwenda ukumbini kwa kombi ya baba yake, si kwa gari la kukodi.

"Dada Zuhura," aliniambia, "bodi Bosco ameshanipakia rangi. Lakini ona hii mipira. Mwanangu atatoka humu kama anatoka kwenye kaburi la zamani. Nifanyie."

Bosco alikuwa mnyoosha bodi wa gereji yetu, kijana wa Kichaga mwenye mabega kama kabati, haraka kwa maneno na haraka kwa nyundo. Mtu mwema, lakini kila tatizo kwake lilikuwa msumari.

Kombi niliipanga vizuri. Niliisogeza ubavu mmoja karibu na ukuta ili ipate kivuli, na ubavu wa pili kulikuwa na lori bovu lisilo na injini ambalo hakuna aliyeweza kulisogeza. Mnajua gereji zetu, magari hubanana kama vitumbua kikaangoni. Mlango wa abiria mbele ulifunguka kidogo, mtu unapita kwa kujikunja. Madirisha ya ubavuni nilikuwa nimeshayafunika magazeti yote. Dirisha la nyuma ndilo lilikuwa limekauka zaidi, kwa hiyo asubuhi ile nilivuta utepe wake nje, nikapaka gliserini kwenye mfereji kuzunguka kote, nikauacha unywe. Nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi nikamkuta Mama Tekla amefika kuangalia kazi, na amekuja na mjukuu wake, Happy, mtoto wa mwanawe wa kiume. Katoto ka kike, hakajaanza hata chekechea, nywele mafundo mawili, kenye ulimi wa kusema kila kitu. Kalikuwa kamekaa kwenye kiti cha dereva kanashika usukani kanasikiliza redio. Bibi yake alikuwa kiti cha pembeni, ameacha funguo kwenye swichi ili redio iimbe.

"Shuka, mjukuu wangu, tuone rangi," Mama Tekla akamwambia.

"Naendesha," mtoto akajibu.

Mama Tekla akacheka, akajikunja akatoka, akausukuma mlango nyuma yake ili apite. Tukasimama mbele tunazungumza weusi wa mipira ya kioo cha mbele, niliyokuwa nimeimaliza. Akaisifu, akaigusa, akasema inang'aa kidogo mno, nikamwambia mpira haung'ai, mpira unakoza. Ndipo tukasikia tak, tak. Mtoto alikuwa anabonyeza loki za milango, moja baada ya nyingine, kwa raha zake.

"Happy! Acha kuchezea hizo! Fungua!"

Mtoto akabonyeza na ya mwisho.

Mwanzoni tulicheka, nawaambia ukweli. Mama Tekla akagonga kioo cha mbele: "Vuta hicho kidude juu, mama. Juu. Vuta." Happy akadhani ni mchezo. Akakibonyeza zaidi, akacheka. Loki zile za zamani zilikuwa laini, zikizama chini hata mtu mzima anatafuta pa kushika, sembuse vidole vile.

"Funguo ya akiba iko wapi?" nikauliza.

"Anayo Deo, baba yake. Yuko Feri, ananunua samaki wa sherehe."

Akampigia. Simu inaita, haipokelewi. Mtu aliye mnadani na mikono yake kwenye samaki hapokei simu. Akapiga tena, akapiga tena.

Kivuli cha ukuta nacho kilikuwa kimehama. Jua lilikuwa juu ya bati la kombi sawasawa. Niliweka kiganja kwenye bodi nikakiondoa haraka. Hapo kicheko kikatutoka.

Bosco akaja na waya, akaupitisha kwenye mpira wa mlango, akavua kule ndani kama mtu anayetafuta kambare. Waya unateleza. Happy aliuona waya unaingia akaogopa, akaanza kulia. Mama Tekla alikuwa anamwimbia kupitia kioo, wimbo wa kwao. Watu wakaanza kujaa: mafundi, mpita njia na mkokoteni wake, muuza madafu. Kila mtu ana ushauri, kila mtu anapaza sauti, na kadiri walivyopaza ndivyo mtoto alivyozidi kulia. Uso wake ulikuwa umelowa kama ametoka kuogeshwa.

Halafu akaacha kulia.

Wanangu, nimeishi katikati ya mji wa kelele maisha yangu yote. Sijawahi kuogopa kelele. Niliogopa ule ukimya. Alilala kwenye kiti cha mbele, kichwa upande wa mlango wa abiria, akafumba macho.

"Happy!" Mama Tekla akapiga kioo kwa viganja viwili. "Happy, mwangalie bibi! Mama Maria, mwanangu!"

Bosco alikwisha kushika nyundo. "Tokeni! Navunja!"

Na alikuwa sahihi kutaka kuvunja. Shikeni hilo. Mtoto akifungiwa garini juani, hakuna kioo chenye thamani mbele yake. Vunja kilicho mbali naye, usingoje mwenye gari wala fundi. Lakini Bosco alikuwa amesimama pale mlango wa abiria, mahali pekee palipokuwa na nafasi ubavuni, na kichwa cha mtoto kilikuwa chini ya kioo kile kile.

"Bosco! Si hapo! Kichwa chake kiko hapo!"

"Sasa wapi, Bi Zuhura? Huku lori, kule ukuta!"

"Nyuma! Mbele vipande vitamwangukia. Njoo nyuma na nyundo yako. Utepe nimeshautoa. Kioo kinatoka. Kikigoma, piga wewe."

Nilikimbia. Sikumbuki kukimbia, nakumbuka tu niko nyuma ya kombi na kijiti cha mpingo mkononi. Nikasema bismillahi, nikakichomeka pembeni juu, chini ya mdomo wa mpira. Mpira ukanyanyuka! Laini, umenona, gliserini inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikakiburuta kijiti kwenda kulia, mdomo unafuata, unajikunja juu ya kioo kama ukurasa. Kona ya pili ikakaza. Bosco alikuwa pembeni yangu anahema, nyundo juu. Nikabonyeza, nikazungusha kijiti, kona ikaachia. Nikashuka ubavuni.

"Shika hapo juu," nikamwambia. "Vuta kwako. Polepole."

Akatupa nyundo chini. Akaingiza vidole vyake vinene kwenye ukingo wa kioo, akavuta, na kioo kikatoka kizima, kikamlalia kifuani. Joto lililotoka mle ndani lilikuwa kama la tanuri la mkate likifunguliwa.

Nilikuwa najiandaa kupanda. Sikupata nafasi. Kitu kilinipiga kikumbo nikapepesuka. Mama Tekla, yule mwenye goti bovu, yule anayepanda ngazi ya duka lake kwa kupumzika katikati, alikwisha pita dirishani. Kichwa, mabega, khanga, vyote, kama paka. Mpaka leo sijui alivyotosha. Tulimwona anatambaa juu ya viti, tukasikia loki inavutwa, na mlango ukafunguka, akatoka na mtoto kifuani.

Tulimlaza Happy kwenye benchi chini ya turubai. Nikamlowesha kwa maji, kichwa, shingo, kwapa. Muuza madafu alikuwa anampepea kwa kofia yake. Bibi yake anamwita jina, anamwita, anamwita.

Mtoto akafumbua macho. Akatutazama wote tuliomwinamia. Macho yakamfikia Bosco.

"Bibi," akasema kwa sauti iliyokauka, "huyu anko alitaka kuvunja gari letu."

Kicheko kilichotoka pale, nadhani walikisikia Mnazi Mmoja. Bosco alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso na shati lake, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya wengine kunyamaza. Happy alikunywa maji kidogo kidogo, halafu maji ya dafu, halafu akaomba lingine.

Tulimpeleka zahanati ya jirani hata hivyo, tukiwa na bajaji mbili, kwa sababu nusu ya gereji ilitaka kwenda. Nesi akampima, akamtazama macho, akambonyeza kucha, akatukalisha tusubiri, akampima tena. Kisha akatuambia mtoto mzima, anywe maji mengi, apumzike. Akamgeukia Mama Tekla: "Na wewe mama, hilo goti linavuja damu." Mama Tekla akaliangalia kama goti la mtu mwingine.

Deo alipiga simu tukiwa tunatoka. Samaki ameshapata, wazuri, kuna tatizo gani mbona simu nyingi? Mama yake akamwambia, "Njoo na hiyo funguo, mwanangu. Njoo tu." Akakata, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake tulirudisha kioo. Hii nayo mjifunze, maana siku hizi naona mnapigana na vioo kama mieleka. Unavisha mpira kwenye kioo kwanza. Unalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wa upande wa bati, kuzunguka kote, ncha mbili zikutane chini. Unapaka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo kutoka nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba taratibu, na kamba inapotoka inauleta mdomo wa mpira juu ya bati, wenyewe, bila nguvu. Bosco alisukuma nje, mimi nilivuta ndani. Kila dakika ananiuliza, "Hivi sawa, Bi Zuhura? Nisukume zaidi?" Mtu aliyekuwa anapiga kwanza na kuuliza baadaye! Nikamwambia, endelea hivyo hivyo mwanangu, unaelekea kuwa fundi.

Utepe ukarudi ndani ya mfereji, mipira nikaimaliza. Ikawa myeusi, imekoza, imetulia. Jumamosi kombi ilitoka Mbagala imefungwa maua, binti yuko ndani, na Happy kakaa kwenye mapaja ya baba yake, milango yote loki juu. Mama Tekla alinilazimisha nikae meza ya mbele ukumbini, kati ya mashangazi wa Masasi, na kila aliyepita aliambiwa, "Huyu ndiye." Nilikula korosho mpaka nikaumwa tumbo.

Lakini nirudi nyuma kidogo, jioni ya siku ile ile ya zahanati. Nilifika nyumbani, nikanawa, nikaswali magharibi, nikashindwa kula. Nikakaa kizingitini nikampigia Mzee Ngonyani kule Songea. Alikuwa amezeeka sana, simu anashikiwa na mkwewe. Nikamsimulia yote tangu loki mpaka nesi.

Nilipomaliza akauliza, "Mtoto?"

"Mzima, baba."

"Mpira?"

"Haukuchanika hata kidogo."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Na wewe je, binti?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Siku nzima kila mtu alinishika mkono, kila mtu alinisifu, na mimi nilikuwa nacheka nao. Nikafungua mdomo nimjibu kwamba sijambo, na badala ya jibu yakanitoka machozi, nikalia pale kizingitini kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Hakuniambia ninyamaze. Alingoja upande wa pili, nasikia kuku wa mkwewe wanaingia bandani, mpaka nilipomaliza.